Ukioa au kuolewa na mtu anayelipa matunzo ya mtoto: mfuko wa nyumba unaguswaje?

Makambako ni njia panda. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita hapo, ya Njombe na Songea inaanzia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo. Watu wanakuja kwa biashara ya mbao, viazi na mahindi, wanakaa, wanapendana, wanazaa. Wengine wanaachana. Mmoja anabaki Wanging'ombe na mtoto, mwingine anahamia Njombe mjini na kuanza maisha na mtu mpya.

Ndiyo maana swali hili linatufikia mara kwa mara kwa simu na kwa ujumbe: "Mchumba wangu ana mtoto na anapeleka hela ya matunzo kila mwezi. Nikifunga naye ndoa, deni hilo litakuwa langu pia? Wanaweza kuchukua duka langu?" Wanaume nao wanauliza: "Ninayetaka kumuoa ana mtoto kwa mzazi mwenza wake. Nitalazimika kumlea?"

Katika makala haya tunaeleza sheria ya Tanzania Bara inasema nini, pesa inaguswa wapi, na mambo gani mnapaswa kuyaweka mezani kabla ya kwenda kwa mchungaji, kwa shehe au kwa mkuu wa wilaya.

JIBU KWA UFUPI

- Wajibu wa matunzo ni wa wazazi wa mtoto. Ndoa haimgeuzi mke mpya au mume mpya kuwa mdaiwa.
- Mali uliyokuja nayo kwenye ndoa inabaki kuwa yako, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo.
- Hata hivyo, kipato cha mwenza wako kinapungua kila mwezi, na pengo hilo mtalihisi wote wawili.
- Ndoa mpya peke yake haifuti matunzo. Watoto wapya wanaweza kuwa sababu ya kuiomba mahakama iangalie upya kiasi, lakini anayeamua ni mahakama.
- Hatari kubwa kwa mwenza mpya huwa ni siri, pamoja na madeni anayoyachukua kwa jina lake ili kuziba deni la mwenzake.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria mbili ndizo za kuzijua. Ya kwanza ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ya pili ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Sheria ya Mtoto inasema mtoto ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Inampa haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, malezi, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Mzazi ndiye mwenye wajibu wa kumpatia hayo. Sheria haimtofautishi mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa na aliyezaliwa nje ya ndoa. Mzazi anayekiuka wajibu wake anatenda kosa, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 6, au vyote kwa pamoja.

Wazee wetu wanakumbuka mambo yalivyokuwa zamani. Kabla ya sheria hii ya 2009, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alitawaliwa na sheria iliyotungwa enzi za ukoloni, ambayo iliweka ukomo wa matunzo wa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi ilishuka thamani mwaka hadi mwaka, ukomo ukabaki palepale, mpaka ikafika mahali mia hiyo hainunui hata kiberiti na chumvi kwa pamoja. Sheria ya sasa haina ukomo huo. Kiasi kinapangwa kwa kuangalia hali halisi.

Anayeishi na mtoto ndiye kwa kawaida anayepeleka ombi la matunzo, awe mama, baba, bibi au mlezi mwingine. Ofisa Ustawi wa Jamii naye anaweza kupeleka ombi kwa niaba ya mtoto. Baba akibisha kwamba mtoto si wake, mahakama inaweza kuagiza vipimo vya vinasaba, ambavyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Tukumbushane pia kwamba matunzo si "hela ya mama mtoto". Ni haki ya mtoto. Vilevile, anayelipa si lazima awe mwanaume. Mtoto akilelewa na baba yake au na bibi, mama mwenye kipato anaweza kuagizwa kuchangia.

KIASI KINAPANGWAJE

Tanzania haina asilimia maalumu ya mshahara ambayo kila mzazi hukatwa. Hakimu anapopanga kiasi anatakiwa kuangalia mambo haya:

1. Kipato na mali za wazazi wote wawili, au za mtu mwingine mwenye wajibu wa kisheria kwa mtoto.
2. Kama kuna jambo lililopunguza uwezo wa mzazi kujipatia kipato, kwa mfano ugonjwa au ulemavu.
3. Majukumu ya kifedha aliyonayo mzazi huyo kwa watoto wengine.
4. Gharama za maisha mahali anapoishi mtoto.
5. Haki za mtoto zilizotajwa na sheria.

Soma tena orodha hiyo. Mke mpya hatajwi, na mume mpya hatajwi. Kipato chako wewe uliyeolewa baadaye si kipato cha mzazi wa mtoto. Duka lako la Makambako, shamba la parachichi ulilorithi kwa baba yako, au mshahara wako wa ualimu si vitu ambavyo mzazi mwenza wa mumeo anaweza kuviombea sehemu.

Lakini msijidanganye. Mzazi hawezi kusimama mbele ya hakimu na kusema, "Sina kitu, mke wangu ndiye mwenye kila kitu," wakati lori analoliendesha alilinunua yeye na kuliandika jina la mkewe mwezi uliopita. Kuhamishia mali kwenye jina la mwenza ili kumkwepa mtoto ni mtego. Kunamburuza mwenza mpya kwenye kesi ambayo haikuwa yake.

Jambo la tatu katika orodha lina uzito wake. Mkipata watoto wenu, watoto hao wanahesabiwa. Mzazi anaweza kurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe. Hiyo haina maana kwamba mtoto wa kwanza anaachwa. Maana yake ni kwamba hakimu anapima upya, akiwaangalia watoto wote.

HESABU YA NYUMBA

Tuchukue mfano. Majina na tarakimu ni vya kubuni, lakini hesabu ya aina hii ipo katika nyumba nyingi za mkoa wetu.

Daudi ni fundi wa mashine za kupasulia mbao Njombe. Anapata shilingi 480,000 kwa mwezi. Ana mtoto wa miaka 8 anayeishi na mama yake Wanging'ombe, na mahakama imeagiza alipe 120,000 kila mwezi. Neema ana meza ya nguo sokoni Makambako, na kwa wastani anabakiwa na faida ya 250,000 kwa mwezi. Wanataka kuoana na kupanga nyumba Makambako.

Neema akihesabu kwa haraka anasema: 480,000 jumlisha 250,000 ni 730,000. Kwa pesa hiyo watapanga vyumba viwili, watakula, wataweka akiba ya kiwanja. Hesabu hiyo si sahihi. Pesa ya nyumba ni 610,000, kwa sababu 120,000 imeshapangiwa kazi kabla haijaingia mfukoni.

Kwa mwaka, 120,000 mara 12 ni shilingi 1,440,000. Mtoto ana miaka 8. Amri ya matunzo kwa kawaida inakoma mtoto anapofikisha miaka 18, hivyo iko miaka 10 mbele yao. Kiasi kikibaki vilevile, jumla ni shilingi 14,400,000. Na kiasi hakiwezi kuaminiwa kubaki vilevile, kwa sababu mtoto wa darasa la pili halingani kwa gharama na wa kidato cha tatu. Mtoto akiendelea na masomo au mafunzo baada ya miaka 18, mahakama inaweza kuagiza matunzo yaendelee.

Hatutoi tarakimu hizi ili kumtisha Neema. Tunazitoa ili aamue akiwa anaona. Mwanamke anayejua kwamba anaolewa na mtu wa 360,000 hatapanga nyumba ya mtu wa 480,000. Na mwanaume anayelipa 120,000 kila mwezi bila kusukumwa ameshaonyesha kitu kuhusu tabia yake ambacho mchumba yeyote angependa kukijua.

KIPATO CHA MSIMU NA AMRI YA KILA MWEZI

Wengi wetu hatulipwi mwisho wa mwezi. Tunalima viazi, mahindi, ngano, chai, parachichi na miti. Pesa inakuja kwa mkupuo, halafu inapotea kwa miezi. Mtoto lakini anakula kila siku, na shule zinafunguliwa Januari wakati mahindi bado yako shambani na yanasubiri kuvunwa katikati ya mwaka.

Hapa ndipo ndoa nyingi mpya zinapoanza kupasuka. Januari inafika, mzazi mwenza anapiga simu kuhusu sare, madaftari na viatu. Elimu ya msingi na sekondari katika shule za serikali haina ada (mpaka kidato cha nne tangu 2016, na mpaka kidato cha sita tangu 2022), lakini mtoto haendi shule bila viatu. Nyumbani mbolea nayo inahitajika. Mke mpya anaona hela ya mbolea imekwenda Wanging'ombe, na ugomvi unaanza.

Njia zinazosaidia ni hizi:

- Tengeni fungu la mtoto siku ya kuuza mazao. Kama matunzo ni 120,000 kwa mwezi, miezi sita ni 720,000. Iwekeni pembeni siku ileile lori linapoondoka na viazi, kabla hamjanunua bati.
- Ombeni ratiba inayolingana na kipato. Sheria inaruhusu matunzo yalipwe kidogokidogo au kwa mkupuo. Mkulima anaweza kumweleza hakimu au Ofisa Ustawi wa Jamii kuhusu msimu wake tangu mwanzo.
- Msibadilishe pesa kuwa magunia kwa uamuzi wenu wenyewe. Debe la mahindi au gunia la viazi ni msaada mzuri, lakini kama amri inasema pesa, magunia hayafuti deni mpaka yawe yameandikwa kwenye makubaliano.
- Tumeni kwa simu au benki, na mtunze ujumbe. Mkitoa mkononi, mpate sahihi kwenye daftari. Baada ya miaka mitatu hakuna anayekumbuka, na bila ushahidi mnaweza kulipa mara mbili.

MZAZI ASIPOLIPA: NYUMBA MPYA INAGUSWA VIPI

Sheria ya Mtoto inaruhusu mahakama kukamata kipato au mali za mzazi asiyelipa. Kwa mwajiriwa, mwajiri anaweza kuamriwa kukata mshahara. Sheria ya ajira inakataza makato ya ovyo, lakini makato yaliyoamriwa na mahakama yanaruhusiwa.

Kwa nyumba yenye mtumishi wa umma, jambo hili linaingiliana na mikopo. Watumishi wengi wamekopa, na utaratibu unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Ukipanga kuolewa na mtumishi, usiulize mshahara ni kiasi gani. Uliza kinachobaki ni kiasi gani, baada ya mkopo, baada ya bodi ya mikopo ya wanafunzi, na baada ya matunzo.

Kuhusu mali, Sheria ya Ndoa ni nzuri kwa mwenza mpya. Inasema ndoa haibadilishi umiliki: chako kinabaki chako na cha mwenzako kinabaki chake, mpaka mkubaliane vinginevyo. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiandikwa kwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni ya huyo, mpaka ithibitike vinginevyo. Ikiandikwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa mna haki sawa.

Kwa hiyo risiti ina thamani. Cherehani, jokofu, pikipiki, kiwanja: ulichonunua kwa pesa yako, weka karatasi kwa jina lako. Ikitokea mali yako imekamatwa kwa deni la mwenzako, una haki ya kuweka pingamizi mahakamani na kuonyesha kuwa mali ile ni yako. Bila karatasi, pingamizi linabaki kuwa maneno matupu.

Nyumba ya ndoa nayo ina ulinzi. Mume au mke haruhusiwi kuiuza, kuitoa zawadi wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mtu anayetaka kukopa kwa kuweka nyumba mnayoishi ili alipe malimbikizo ya matunzo anahitaji sahihi yako. Usiisaini ukiwa hujaelewa.

DENI LINALOGEUKA KUWA LAKO

Tunataka kulisisitiza hili, kwa sababu ndilo linalowaumiza akina mama wengi.

Mume amelimbikiza miezi mitatu. Kwa mfano wetu wa Daudi, hiyo ni 360,000. Ameitwa mahakamani. Mke, kwa huruma na kwa aibu ya majirani, anakwenda kwenye kikoba na kukopa 360,000 kwa jina lake. Deni la mtoto limelipwa. Lakini sasa kuna deni jipya, lenye riba, na mdaiwa ni mke. Wakigombana mwezi ujao, wenzake wa kikoba hawatamtafuta Daudi. Watakuja kuchukua meza ya nguo.

Kusaidiana ndani ya ndoa ni jambo jema, na hatusemi mke asimsaidie mumewe, wala mume mkewe. Tunachosema ni kwamba msaada huo uwe wa kuamua, uwe na kiasi, na uandikwe. Kama mnakopa, kopeni wote wawili na msaini wote. Kabla ya kukopa, mzazi aende kwanza mahakamani au Ustawi wa Jamii kuomba mpango wa kulipa malimbikizo kidogokidogo. Anayejitokeza mapema na kueleza hali yake husikilizwa vizuri kuliko anayeletwa na polisi.

MTOTO AKIHAMIA KWENU

Wakati mwingine mambo yanageuka. Mzazi mwenza anafariki, anaugua, anakwenda kutafuta maisha mbali, na mtoto analetwa kwenye nyumba yenu. Hapo matunzo ya kila mwezi yanaweza kuisha, lakini sahani mezani inaongezeka.

Sheria ya Mtoto inapomtaja mzazi inamhesabu pia mtu aliyekabidhiwa mtoto amtunze. Sheria ya Ndoa nayo inasema mwanaume akimpokea mtoto asiye wake kama mmoja wa familia yake, ana wajibu wa kumtunza kwa kadiri ambavyo baba na mama wa mtoto wanashindwa. Hivyo baba wa kambo hachukui nafasi ya baba mzazi, ila hawezi pia kumla mtoto kisogo baada ya kumpokea nyumbani.

Hili linajibu swali la wanaume. Mkeo akija na mtoto, baba wa mtoto huyo bado anadaiwa. Kuolewa tena kwa mama hakufuti matunzo ya mtoto. Kinachokoma mwanamke anapoolewa tena ni matunzo yake mwenyewe kutoka kwa mume aliyeachana naye, kama alikuwa akilipwa. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, na baba wengine wanayachanganya kwa makusudi.

BIMA, MAFAO NA URITHI

Bima ya afya. Mwajiriwa aliye kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa utaratibu wa kawaida huandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. Mtoto wa mahusiano ya awali anashika nafasi moja. Jueni nani yumo kwenye kadi kabla hamjafika hospitali.

Mafao. Mwanachama wa NSSF au PSSSF akifariki, watoto wake ni wategemezi, pamoja na wale wasioishi chini ya paa lenu. Mjane anayejaza fomu na kumficha mtoto wa kwanza anajitafutia kesi na kuchelewesha mafao yake mwenyewe.

Urithi. Sheria ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake aliyefariki. Watoto wa mwanzo watakuja siku ya kikao cha familia, na wana haki ya kusikilizwa. Kinachokulinda wewe mwenza ni kuwa na ushahidi wa sehemu yako. Sehemu inayothibitika kuwa yako si urithi. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinatambuliwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kwa hiyo mama aliyekaa nyumbani akilea, huku mume akijenga na kulipa matunzo, naye ana mchango wake.

MNAISHI PAMOJA BILA CHETI?

Wengi wanaishi pamoja kwanza. Sheria ya Ndoa inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kuwa mume na mke, kuna dhana kwamba wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mmoja wao akiwa na ndoa halali ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, dhana hiyo haiwezi kumsaidia mwenzake. Basi, kabla ya kuuliza kuhusu matunzo, uliza kama huyo mzazi mwenza ni mke au mume ambaye bado hajapewa talaka na mahakama.

MASWALI KUMI KABLA YA KUFUNGA NDOA

Wazee walisema mficha uchi hazai. Kaeni chini, mzungumze, mkiwa na daftari.

1. Una watoto wangapi, wana umri gani, na wanaishi na nani?
2. Kuna amri ya mahakama, makubaliano ya Ustawi wa Jamii, au ni maelewano ya mdomo tu?
3. Unalipa kiasi gani, kwa njia gani, na tarehe ngapi?
4. Kuna malimbikizo? Tuone karatasi.
5. Nani analipa matibabu, sare na nauli, nje ya hela ya mwezi?
6. Una mikopo gani, kwenye benki, SACCOS, kikoba au kwenye simu?
7. Mtoto akihitaji kuhamia kwetu, tutafanyaje?
8. Likizo atakuja? Atalala wapi?
9. Mali zipi ni zako kabla ya ndoa, na zipi tutaandika kwa majina ya wote?
10. Mawasiliano na mzazi mwenza yatakuwaje, ili pasiwe na simu za kujificha?

Mchumba anayekasirika kwa swali la nne amekujibu.

Tunaongeza jambo moja kwa mwenza mpya. Usiwe wewe wa kupeleka maneno kwa mzazi mwenza, na usiwe wewe wa kuamua kwamba mwezi huu asilipwe. Malipo ni kazi ya mzazi. Wewe fahamu bajeti, tunza risiti, na mpokee mtoto vizuri anapokuja. Mzazi asiyeishi na mtoto ana haki ya kumwona, na mtoto ana haki ya kumjua mzazi wake.

KAMA KIASI KIMEKUWA KIKUBWA

Kazi inaweza kuisha. Kiwanda cha mbao kinaweza kusimama, ugonjwa unaweza kushambulia viazi, mnaweza kupata mapacha. Hatua ni hizi:

1. Usiache kulipa kimyakimya. Lipa unachoweza na utunze ushahidi.
2. Nenda kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Mkoa wa Njombe una halmashauri sita: Njombe Mji, Makambako Mji, Njombe Wilaya, Wanging'ombe, Makete na Ludewa.
3. Kama kuna amri ya mahakama, peleka ombi la kuibadilisha kwenye mahakama iliyoitoa. Makubaliano ya pembeni hayaifuti.
4. Beba uthibitisho: barua ya kuachishwa kazi, vyeti vya hospitali, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wengine, mauzo ya mazao.

Mlango huo uko wazi kwa pande zote mbili. Mzazi anayeishi na mtoto naye anaweza kuomba kiasi kiongezwe kama gharama zimepanda au kama kipato cha mwenzake kimekua.

WAPI PA KUPATA MSAADA

Mashauri ya matunzo husikilizwa na Mahakama ya Watoto, ambayo kwa kawaida hukaa faragha ili kumlinda mtoto. Ukifika mahakama ya wilaya, karani atakuelekeza. Kabla ya kutoa amri, mahakama inaweza kumwomba Ofisa Ustawi wa Jamii achunguze hali ya pande zote.

Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa huduma bila malipo. Muulize mtendaji wa kata au Ofisa Maendeleo ya Jamii wapo wapi katika eneo lako. Mtoto akiwa ametelekezwa au anafanyiwa ukatili, piga 116, bila malipo, au fika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Makala haya ni ya kukupa mwanga. Shauri lako lina mambo yake, hivyo lipeleke kwa mtaalamu ukiwa na karatasi zako mkononi.

Tunamalizia kwa hili. Mtoto wa Wanging'ombe hakuchagua wazazi wake waachane, na Neema hakuchagua mumewe awe na mtoto kabla yake. Wote wawili wanategemea mshahara mmoja wa mbao. Nyumba ambayo hesabu hiyo imewekwa mezani kabla ya harusi ina nafasi ya kuwatosha. Ile ambayo Neema anaijua kwa kufungua ujumbe kwenye simu ya mumewe usiku, huanza ndoa na deni kubwa kuliko 120,000.